Sufuria Moja, Umri Tofauti: Faranga ya Mwanamke wa Bujumbura Inunue Nini?

Katika soko la Ruvumera kule Buyenzi, mizani hutoa jibu moja tu: uzito. Muuzaji hutaja bei, mnunuzi hupunguza, wanakubaliana, fuko linafungwa. Lakini mama mwenye binti wa miaka 14, mkwe mjamzito na bibi wa miaka 65 nyumbani ana maswali mawili yanayobaki baada ya kulipa. Kilo hii imebeba nini ndani yake? Na nani kati ya hawa watatu anaihitaji zaidi?

Makala haya yanalinganisha vyakula vinavyopatikana kila siku katika masoko ya Bujumbura, kuanzia Kwa Siyoni, Ruvumera na COTEBU hadi Kinama, Kanyosha na Musaga. Hatukuandika orodha ya bei, kwa sababu orodha ya leo ingekuwa imechacha kesho kutwa. Tangu soko kuu la katikati ya mji liungue tarehe 27 Januari 2013, biashara imetawanyika na kila soko lina bei yake. Uhaba wa mafuta ya gari wa miaka ya karibuni umefanya nauli ya lori iingie ndani ya kila kilo, na mpaka wa Rwanda uliofungwa Januari 2024 ukapunguza njia za bidhaa. Badala ya bei, tunampa msomaji vipimo vya kulinganisha. Bei ataijaza mwenyewe, siku hiyohiyo, mbele ya muuzaji.

Kwa nini tuanze na wanawake? Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2016–2017 ulikuta kwamba asilimia 39 ya wanawake wa Burundi wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Miaka sita kabla ya hapo, 2010, walikuwa asilimia 19. Utafiti huohuo ulikuta asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Takwimu hizo mbili zina undugu: mtoto huanza kujengwa na chakula cha mama kabla hajazaliwa, na mama huanza kujengwa akiwa bado msichana.

Kipimo chetu: kilo moja ya maharage

Tumechukua maharage makavu kuwa jiwe la mizani, kwa kuwa kila nyumba inayajua. Kilo moja ina protini takribani gramu 220. Ili kupata protini hiyo hiyo kwa chakula kingine, utahitaji kununua:

- soya kavu: gramu 600 hivi
- karanga: gramu 900 hivi
- ndagala (dagaa) wakavu, safi, wasio na mchanga: gramu 370 hivi
- ndagala wabichi: kilo moja na robo hivi
- nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa: kilo moja na zaidi kidogo
- mayai: 35
- maziwa: lita 7

Zidisha kila mstari kwa bei ya siku hiyo, kisha ulinganishe na bei ya kilo ya maharage. Ukitafuta protini peke yake, maharage hushinda karibu kila siku ya soko, na soya ndiyo inayoyafuata kwa karibu. Nyama haimo kabisa katika mashindano hayo: kilo yake ina protini inayolingana na ya kilo ya maharage, huku bei ikiwa mara kadhaa. Ndagala wakavu wangeyashinda maharage kama kilo yao ingeuzwa chini ya mara 2.7 ya kilo ya maharage. Nani aliyewahi kuona bei hiyo?

Ila maharage yana mapungufu mawili. La kwanza ni kwamba protini yake haijakamilika. Hukamilishwa na nafaka, yaani mahindi, mchele au mtama. Hapo ugali wa muhogo, unaopendwa mno mjini, hautoi msaada. Kilo ya unga wa muhogo ina protini gramu 10 hadi 20 tu, ilhali kilo ya unga wa mahindi ina gramu 80 hivi. Pale bei zinapokaribiana, kuchanganya nusu kwa nusu ni faida ya wazi, na ladha ya muhogo haipotei.

La pili ni makaa. Maharage ya zamani yaliyokaa ghalani hupikwa saa nyingi, na gharama hiyo haimo katika bei ya kilo. Kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yale kunapunguza muda wa jikoni, na pia kunapunguza vile vitu vya asili ndani ya mbegu vinavyozuia chuma kufyonzwa. Wateja wengi hulipa zaidi kwa maharage ya njano. Kwa protini, rangi haikuongezei kitu. Kama yanaiva upesi kuliko ya mchanganyiko, basi tofauti ya bei ilinganishwe na makaa yanayookolewa.

Msimu nao una neno. Mavuno ya maharage huingia sokoni Januari na Februari, kisha Juni na Julai. Novemba na Desemba, ghala za wakulima zikiwa tupu, bei hupanda. Kikundi cha kirimba, yaani cha kuchangishana akiba, kinachogawana gunia mwezi wa Julai hulipa kidogo kuliko yule anayenunua bakuli kwa bakuli kwenye butiki ya mtaani. Atakayekwenda Kwa Siyoni peke yake kununua kilo mbili ahesabu kwanza nauli ya basi: mara nyingi nauli humeza chote alichookoa.

Msichana: anapoanza kupoteza damu kila mwezi

Kuanzia hedhi ya kwanza, mahitaji ya chuma hupanda. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji takribani miligramu 15 kwa siku, na mwanamke mzima wa umri wa kuzaa 18. Kaka yake, anayekula katika sahani hiyohiyo, mwili wake ukishakomaa huhitaji 8 tu. Kwa hiyo mtu anayepewa kipande kikubwa kwa kuwa ni mwanamume siye anayekihitaji zaidi.

Gramu 100 za maharage makavu zina chuma miligramu 6 hivi, lakini mwili huchukua sehemu ndogo tu. Nyama ina kidogo zaidi ya 2, na mwili huichukua kwa urahisi. Ini la ng'ombe lina 5 hadi 6, nalo hufyonzwa vizuri. Anayetaka kununua nyama mara moja kwa wiki kwa ajili ya binti aulizie ini kabla ya mishikaki. Robo kilo ya ini ikigawanywa kwa mabinti wawili ina kazi zaidi kuliko nusu kilo ya nyama yenye mifupa.

Kwa siku nyingine sita, njia rahisi ni kuyasaidia maharage yenyewe. Limau lililokamuliwa juu ya sahani, chungwa, pera au kipande cha embe bivu mara baada ya chakula huleta vitamini C inayofungulia chuma njia. Kinyume chake, chai inayonywewa pamoja na chakula huweza kupunguza ufyonzaji wa chuma cha mimea kwa zaidi ya nusu. Hatusemi chai ya Teza au Rwegura iachwe. Isogezwe saa moja mbele, na hilo halina gharama.

Kuna pia aina za maharage zilizozalishwa ili ziwe na chuma kingi. Huko Huye, Rwanda, wanafunzi wa kike 195 wa chuo kikuu waligawanywa mafungu mawili: wengine walikula maharage hayo, wengine ya kawaida. Baada ya siku 128, waliokula yenye chuma kingi walikuwa na hali bora ya chuma mwilini. Matokeo yalichapishwa 2016. Ukiyakuta sokoni kwa bei isiyopishana sana na ya mengine, yape nafasi ya kwanza.

Pesa za vitafunio vya shule nazo zihesabiwe. Soda ya senti-lita 30 hubeba sukari gramu 30 hivi na si mengi zaidi. Karanga za kukaanga, kiganja kimoja cha gramu 30, zina protini gramu 7 au 8 pamoja na mafuta yanayoshibisha, na zikiambatana na ndizi mbivu, darasa la mchana halitasinziwa.

Chaguo letu: maharage yaliyolowekwa, mboga za majani kama lengalenga, limau kila siku, ini mara moja kwa wiki mfuko ukiruhusu.

Mjamzito: kidonge kimoja na kilo ya maharage

Hapa hesabu ya chakula inashindwa na dawa. Mahitaji ya chuma hufika miligramu 27 kwa siku. Kwa maharage peke yake, hiyo ni karibu nusu kilo, ikiwa makavu, kila siku. Hakuna tumbo litakaloimudu, sembuse tumbo ambalo tayari lina mgeni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito ameze kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Kidonge kimoja chenye 60 kina chuma cha kilo nzima ya maharage.

Kwa hiyo ununuzi wenye faida kuliko wote katika ujauzito ni nauli ya kwenda kliniki mapema. Shirika hilo linashauri mikutano 8 na wahudumu wa afya katika mimba moja, wa kwanza ndani ya wiki 12. Nchini Burundi, kujifungua katika vituo vya umma hakulipiwi tangu Mei 2006, pamoja na matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5. Pesa iliyokuwa iwekwe kwa ajili ya bili ya uzazi inaweza kuhamia kwenye sahani.

Vidonge huleta kichefuchefu na choo kigumu kwa baadhi ya wanawake. Kabla ya kuviacha, jaribu kumeza usiku baada ya chakula, kunywa maji mengi, na kumweleza mkunga. Makopo ya maziwa ya unga yenye picha ya mama mwenye tumbo, yanayouzwa kwa bei kubwa katika maduka ya dawa ya mjini kati, hayachukui nafasi ya vidonge hivyo. Kabla ya kununua, soma nyuma ya kopo uone chuma na foliki zilizomo, kisha ulinganishe na kidonge.

Chakula chenyewe hakihitaji kuwa cha watu wawili. Katika miezi ya kati, nyongeza ni kalori 340 hivi kwa siku, na katika miezi ya mwisho 450: bakuli moja la maharage na nusu ya parachichi vinatosha. Lengalenga na maharage ni hazina ya folati. Chumvi iwe ile yenye madini joto, ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko. Tofauti ya bei kwa mwezi ni ndogo, na akili ya mtoto inaitegemea. Ini, lililo zuri kwa msichana, lipunguzwe miezi ya mwanzo ya mimba kwa sababu vitamini A yake ni nyingi kupita kiasi. Udongo unaouzwa kwa wajawazito katika masoko mengi ya ukanda huu huzuia chuma kufyonzwa, na pombe haina kiwango salama kwa mtoto aliye tumboni.

Na mayai? Katika baadhi ya nyumba mjamzito bado huambiwa asiyaguse. Yai lililoiva vizuri halimdhuru mama wala mtoto. Kwa bei, yai si protini rahisi, ila lina vitu ambavyo maharage hayana, kama vitamini B12. Matatu kwa wiki yatasaidia kidogo.

Chaguo letu: vidonge vya kliniki kwanza, chumvi yenye madini joto, maharage na mboga kila siku, mayai au ndagala mara tatu kwa wiki.

Anayenyonyesha: kopo au sahani ya mama?

Huu ndio ulinganisho wenye tofauti kubwa kuliko yote katika makala haya. Kopo la gramu 400 la maziwa ya unga ya watoto hutoa karibu lita 3 za maziwa. Mtoto wa miezi mitatu hulimaliza kwa siku tatu au nne. Kwa miezi sita, zidisha bei ya kopo mara 40 hadi 50, kisha ongeza makaa ya kuchemsha maji na hatari ya kuhara pale maji yanapokuwa na shaka.

Upande wa pili, mama anayenyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine anahitaji nyongeza ya kalori 500 hivi kwa siku. Gramu 100 za maharage makavu zina 330, kijiko cha mafuta ya mawese 120, na ndizi moja mbivu inajaza pengo. Linganisha gharama ya hivyo vitatu na robo ya bei ya kopo. Kumlisha mama ndiko kumlisha mtoto, tena kwa sehemu ndogo ya pesa.

Mafuta ya mawese, mengi yakitoka upande wa Rumonge, yana faida nyingine: wekundu wake ni chanzo cha vitamini A, na kijiko kimoja cha chakula chaweza kubeba sehemu kubwa ya mahitaji ya siku. Masharti ni mawili. Yasiwe yamesafishwa hadi kupoteza rangi, na yasichomwe jikoni mpaka yakawa meupe, kama wengi wanavyopenda kufanya kabla ya kukaanga. Mafuta yaliyochomwa yanabaki na kalori tu.

Uji nao una chaguo mbili. Unga wa mchanganyiko uliofungwa tayari, kama Musalac, ni rahisi kupika na unafaa mtoto akifika miezi sita. Kwa mama, mtu anaweza kununua mahindi, mtama na soya, sehemu tatu za nafaka kwa moja ya soya, na kusagisha kwenye mashine ya mtaani. Soya ikaangwe vizuri kwanza. Ikiwa mbichi huzuia protini kumeng'enywa. Kama jumla ya viungo na ada ya kusaga haijafika nusu ya bei ya unga wa dukani kwa kilo, jisagie.

Mahitaji ya chuma hushuka hadi miligramu 9 hedhi ikiwa haijarudi, lakini folati hubaki juu. Kwa hiyo mboga za majani ziendelee. Sombe, yaani majani ya muhogo, ni protini ya bei nafuu pia, mradi majani yametwangwa na kuchemshwa muda mrefu ili sumu yake itoke. Na hapo tena makaa yahesabiwe.

Chaguo letu: mlo mmoja wa ziada kwa mama, mawese mekundu, uji wa kusagisha mwenyewe.

Hedhi inapokoma: chuma kinashuka, kalisi inapanda

Bibi hahitaji tena miligramu 18 za chuma, 8 zinatosha. Kinachopanda ni kalisi, kutoka miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, kwa kuwa mifupa hupungua nguvu kwa kasi. Hapa ndagala wakavu, walioshindwa kwenye protini, wanarudi kwa kishindo.

Wakiliwa wazima, kichwa na mifupa, gramu 100 za ndagala wakavu zina kalisi inayokaribia au kuzidi miligramu 2,000. Lita ya maziwa ina 1,200 hivi. Kwa hesabu hiyo, kilo moja ya ndagala inalingana kwa kalisi na lita 16 za maziwa. Kanuni ya sokoni ni rahisi: bei ya kilo ya ndagala ikiwa chini ya bei ya lita 16 za maziwa, nunua ndagala, ikizidi, nunua maziwa. Ulinganisho huu hubadilika wiki hadi wiki, kwa hiyo unastahili kufanywa kila mara.

Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu mwanga hutawanyika ziwani, samaki hawakusanyiki, bei hupanda. Nunua katika kipindi cha usiku usio na mwezi. Miezi ya kufungwa kwa uvuvi nayo ina athari: mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na mzigo wa Kigoma ukapungua. Kabla ya kulipa, tia mkono fukoni: mchanga na unyevu vyote hupimwa kwa bei ya samaki. Mukeke wa kuchoma ni furaha ya jioni ya ufukweni, ila mifupa yake hubaki sahanini na kalisi yake hubaki nayo.

Bibi asiye na meno atwangiwe ndagala wawe unga. Vijiko viwili vitatu katika mchuzi wa maharage, gramu 25 hivi, vinakaribia glasi mbili za maziwa. Chumvi ipunguzwe ibaki chini ya gramu 5 kwa siku, na vijiwe vya kuongeza ladha vihesabiwe humo humo kwa kuwa vimejaa chumvi. Mwenye shinikizo la damu au lehemu nyingi apunguze pia mawese, kwani nusu yake ni mafuta mazito.

Chaguo letu: unga wa ndagala kila siku, chumvi kidogo, maharage yaleyale ya nyumba.

Hesabu ya mwisho

Hakuna mama wa Buyenzi wala Kinama atakayepika sufuria nne. Na hapana haja. Ulinganisho huu wote unaonyesha kwamba msingi ni uleule kwa kila umri: maharage, nafaka, mboga za majani. Kinachobadilika ni nyongeza ndogo: limau na ini kwa binti, kidonge na yai kwa mjamzito, bakuli la pili na mawese kwa mnyonyeshaji, unga wa ndagala kwa bibi. Gharama kubwa hutokea pale nyongeza inapokwenda kwa asiyeihitaji, kama ndagala wote kuwekwa kwenye sahani ya baba na mgeni.

Ukiwa na faranga za kitoweo za wiki, zigawe mafungu kumi. Matano yawe ya maharage na soya, mawili ya mboga na matunda, mawili ya ndagala, mayai au ini kulingana na nani yuko nyumbani, na moja la mawese, limau na chumvi yenye madini joto. Faranga zikizidi, ongeza ndagala kabla ya soda. Zikipungua, anza kukata ini, kisha mayai. Fungu la maharage liguswe mwisho.